Mhandisi Eunice Kavenya na Sahihi Aliyoiondoa

Shikamooni wazee wetu, nanyi majirani mliofika tangu alfajiri, asanteni. Familia imeniagiza mimi, mjomba wake, niwasomee maisha ya binti yetu, naye alichukia hotuba ndefu, kwa hiyo nitajitahidi.

Eunice Kavenya alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Ramisi, kifungua mimba wa mzee Masila, mkata miwa, na mama Kaindi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari mjini Kwale, akahitimu uhandisi wa umeme Nairobi mwaka 2005, kisha akaajiriwa na kampuni ya wahandisi mjini Mombasa. Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Musyoki kanisani Ukunda, wakajaliwa Nthenya na Mutinda, watoto waliojifunza kupika mapema, maana ugali wa mama yao, waliowahi kuuonja wanajua.

Kazi yake ilikuwa kuziendesha treni za umeme ndani ya kompyuta kabla hazijawekwa njiani, aone kama umeme mkubwa wa treni, unaporudi kupitia reli, utauvuruga ule mdogo unaoijulisha taa ya ishara kwamba njia ina treni, kwani taa ikidanganyika, treni ya nyuma huruhusiwa kupita na kuigonga ya mbele. Mwaka 2019 alikagua reli mpya ya nchi jirani, akaridhika, akatia sahihi. Krismasi ile, akiwa kwenye foleni ya feri Likoni, aliona magari yaliyosubiri muda mrefu yakiwashwa na kuondoka kwa mkupuo, akakumbuka kwamba katika hesabu zake kila treni ilifika kwa wakati, hakuwahi kuzipima zikichelewa, zikirundikana na kuondoka pamoja, zote zikivuta umeme kwa mara moja. Alimpigia mkubwa wake simu pale pale kuiondoa sahihi, wiki tatu kabla ya ufunguzi, akaambiwa anaiaibisha kampuni na kazi yake iko mashakani, naye akajibu kwa heshima kwamba kazi atatafuta nyingine, lakini mtoto wa mtu akifa, yeye hataweza kumrudisha. Mwenzake Alamin, aliyetia sahihi pia, akaiondoa yake, wakairudia kazi yote, na jaribio relini likaonyesha taa ikiwaka kijani ilhali treni nyingine imesimama mbele njiani. Ufunguzi uliahirishwa, vifaa vikabadilishwa, na hakuna abiria aliyeumia. Bwana Alamin, hatutakusahau.

Aligunduliwa kuwa na saratani Mei 2024, akafariki tarehe 9 Februari 2025 hospitalini Msambweni, Musyoki akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wote, na jirani yetu Bi Biasha, aliyemletea uji kila asubuhi hata sisi ndugu tukaonekana wavivu.

Kavenya, Desemba iliyopita, ukiwa tayari mgonjwa, ulipanda nasi treni ya reli ile ya nchi jirani kama abiria kwa mara ya kwanza, na wewe ambaye hukuwahi kupata usingizi safarini, ulilala kabla haijatoka stesheni, hatukukuamsha mpaka tulipofika. Pumzika hivyo hivyo, mwanangu, kwa amani.