Laurencia Margwe, Aliyechimba Mpaka Bloku ya Nne Ikazaa

Miaka thelathini na minne imekatika tangu Mama Laurencia Margwe aanze kazi hapa shambani Karatu, kibarua wa kujaza udongo kwenye viriba vya miche. Tarehe 30 Juni, 2025 anastaafu akiwa msimamizi wa kitalu na kahawa yote. Nimeombwa niandike mimi, dereva wa trekta, kwa kuwa hakuna aliyeona mengi kunizidi, na darasa la saba langu linatosha.

Nianze na nyati. Alitoka msitu wa Ngorongoro akaingia kitaluni, mkubwa kama ghala. Mama Laurencia akammwagia keni ya maji usoni, mnyama akageuka kwa aibu. Wapo wanaosema alikuwa anaondoka mwenyewe. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, juu ya trekta.

Ila kubwa kuliko nyati ni Bloku ya Nne. Kahawa ya miaka mitano, urefu wa kiunoni tu. Tuliipa samadi, mbolea ya dukani, maji, ikabaki vilevile. Uongozi ukaamua ing'olewe, na vibarua arobaini, wengi wa Singida na Dodoma, warudi kwao. Mama Laurencia akaomba wiki moja.

Hakuongeza kitu. Alishika sululu akachimba. Tulimcheka. Mzee Inosenti, mlinzi wetu, alimuuliza anamchimbia nani kaburi. Akaambiwa asiwe na haraka, zamu yake itafika. Futi moja na nusu chini, sululu ikagonga udongo mgumu kama sakafu. Mizizi ilifika pale ikapinda kama ndoana. Akatueleza kuwa mti haukui kwa wingi wa ulichopewa, unakua kwa kadiri ya kile kimoja ulichokosa. Huu umeshiba, alisema, umekosa njia tu.

Vibarua wakaitoboa ile sakafu siku sita. Msimu wa pili matawi yakaegemezwa nguzo yasivunjike kwa matunda. Hakuna aliyerudishwa kwao, na Nelson wa Singida amejenga hapahapa.

Akina mama wa kikundi cha mboga, wanaouza hotelini, nao walidumaa hivyohivyo, kila mwaka wakiongeza mbegu. Akawaonyesha kuwa mbegu zinatosha, tatizo ni mboga kufika hotelini saa nne zimenyauka. Sasa wanavuna alfajiri, na hoteli tatu zinawasubiri.

Sasa niseme ambalo sijamsimulia mtu, nanyi mnajua mimi husimulia kila kitu. Ile sakafu niliitengeneza mimi. Nilipita Bloku ya Nne na trekta udongo ukiwa tope, miaka yote, nikijisifu kwamba sikwami. Mama Laurencia alijua siku ileile. Kwenye ripoti aliandika kwamba udongo umegandamizwa, akaishia hapo. Kisha akanifuata gereji, akaniambia kwa upole kwamba mvua ikinyesha trekta ilale. Inalala mpaka leo, nami bado nina kazi.

Asante, Mama. Nenda nyumbani Kansay ukapumzike. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na miaka mingi ya furaha.