Korongo Wasiokuja

Sogeeni, wanangu, Herieli na wewe Kandida, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo ni haba, na jambo lenyewe linanichoma kuliko hiki kifua.

Mali ni jambo jepesi: nyumba hii ya Nakwa ni ya Herieli, shamba la Singe ni la Kandida, na atakayesema mtoto wa kike harithi, mwambieni kwamba mimi, Mwalimu Paskasi, nilitamka nikiwa na akili zangu timamu. Linalonikosesha raha ni daftari la ndege.

Mnakumbuka watafiti walivyokuja ziwani na fomu zao, wakataka tuwahesabie korongo weupe wanaotoka Ulaya kila mwaka. Sisi wakulima tulipowaambia korongo hufuata viwavijeshi, kwa hiyo wahesabiwe mashambani pia, walitabasamu kama mtu anayesikiliza hadithi ya mtoto. Miaka mitatu nilibishana nao kwa upole, mpaka yule binti Evelyne wa chuo kikuu akaja, akalala hapa kwetu, akatembea nasi mashambani, akaona kwa macho yake, na fomu ikabadilishwa. Hapo ndipo neno la mkulima lilipopata uzito.

Kisha tukaliharibu wenyewe. Misimu miwili niliyokuwa naingia na kutoka hospitali, Herieli, nilikuachia daftari. Korongo hakuja hata mmoja, nawe ukaandika thelathini, mwaka uliofuata arobaini. Nilipokuuliza ukacheka: "Baba, watu wametoka mbali hivyo, tuwaage na sifuri? Si aibu hiyo?" Mwanangu, mgeni hupewa ugali akashiba, hapewi uongo akaondoka nao. Na wewe Kandida usimtazame kaka yako hivyo, ulijua ukanyamaza.

Juzi Evelyne alinipigia kwa furaha: "Shikamoo Mwalimu! Hesabu zenu zinaonyesha ndege hawajapungua, kikao cha Ijumaa cha kuchagua maziwa ya kulindwa hakitakuwa na haja ya kuhangaika na ziwa lenu." Nami niliyefundisha watoto miaka thelathini na minane kwamba sifuri nayo ni namba, niliitikia marahaba, nikakata simu. Nimeona haya tangu siku hiyo.

Daftari na darubini namwachia Kandida. Wewe Herieli, Ijumaa utakwenda kikaoni, na kama ndiyo siku ya kunizika, mazishi yasubiri. Simama useme mwenyewe. Wapo watakaosema, si tuliwaambia wakulima hawa si wa kuaminiwa? Wavumilie. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa lileteni daftari hapa... Herieli, usichane ukurasa. Usifute. Piga mstari mmoja tu juu ya thelathini, kosa lisomeke, uandike sifuri pembeni, na jina lako. Kandida, mshikie daftari.

Mungu awape macho ya kuona... na ulimi usioogopa... awabariki, wanangu, nyote wawili...

Bado arobaini, Herieli. Na hiyo pia.