Kamba ya Mzee Tukaone

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, afisa wetu wa wanyamapori kwenye mashamba binafsi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Cheo chake ni kirefu. Sisi tunamwita Mzee Tukaone.

Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wafadhili na wataalamu watu wenye wanyama wa porini kwenye ardhi yao wenyewe. Mwenye shamba akiingia na malalamiko, hata hajakaa vizuri, mzee keshavaa buti: tukaone! Matope aliyorudi nayo korido nzima inayajua. Dada yetu wa usafi amemgombeza mpaka wamekuwa kama mtu na kaka yake.

Siku moja alikuja mama mjane akitaka msaada wa kukausha kinamasi chake. Shemeji zake walikuwa wamemshikia bango: nguruwe pori wanatoka humo kula mahindi, basi akikaushe au auze shamba. Kuuza maana yake yeye na wanawe wahame. Mzee akaenda kuona. Akaona kweli, maana alizama hadi kiunoni! Mama akamvuta kwa kamba ya ng'ombe. Mimi na wewe tungelia humo. Yeye alitoka anasimulia viota vya korongo.

Wafadhili watatu walimkatalia, eti ardhi ya mtu ni shida ya mwenyewe. Wa nne mzee alimburuta mpaka kinamasini, akamfanya avue viatu vyake vya ngozi, na bwana yule akatoa fedha za uzio wa kuzunguka mahindi. Mtaalamu wa ndege akaja kumfundisha mama namna ya kukitunza kinamasi. Ukame ulipopiga, visima vya jirani vikakauka, na shemeji wale wale wakaja kuomba maji ya mifugo. Mama akawapa. Sisi tungewazungusha kwanza.

Mpaka leo hajauza hata hatua moja ya ardhi. Juzi ametuletea zawadi ya kumuaga mzee: kamba ile ile. Anasema anamjua, hatatulia nyumbani.

Mzee wetu, ahsante sana. Korido itakuwa safi, na wala hatufurahii. Kapumzike na mama watoto, Mungu akujalie afya na siku nyingi za raha. Na huko uendako, ukizama tena, kamba unayo.