Ndoo za Mchanga Zilizobaki Zimejaa

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize kwa makini, maana sauti hii niliyokuwa nikiwaitia toka ng'ambo ya barabara sasa haivuki hata kitanda. Wewe kifungua mimba, weka kalamu chini. Haya si ya kuandika, ni ya kutia kichwani.

Nyumba ni yenu nyote watatu, na atakayetaka kuikata kwa ukuta hali wenzake hawataki, radhi yangu hana. Cherehani ni ya kitinda mimba, saa ya ukutani achukue kaka yenu, na stoo ile ya uani haina mrithi. Kufuli lake litupeni. Mlango ukae wazi kuanzia leo, na kila alalaye humu, hata mgeni wa siku moja, ajue blanketi zito liko wapi, tochi iko wapi, maji ya akiba yako wapi, na koki ya mtungi wa gesi inafungwa kwa kuzungushwa upande gani. Haya, upande gani? Mbona mnaangaliana?

Mnajua nimekuwa mtunza stoo wa kiwanda miaka thelathini na moja, na hata msumari haukutoka bila mkono wangu kwenye daftari. Mlikuwa mkiniita Mama Saini, mkidhani sisikii. Nilisikia, na nilicheka peke yangu jikoni. Kosa langu ni kwamba kazi ile niliibeba hadi nyumbani. Niliweka ndoo mbili za mchanga nyuma ya mlango wa jiko, za kuzimia moto, nikawaambia atakayezigusa bila ruhusa yangu atanitambua. Kaka yenu akachota kopo moja tu la kupandia maua, na kweli alinitambua.

Ndiyo maana siku ile pazia la jikoni liliposhika moto, saa nne asubuhi, nyinyi watu wazima, wenye watoto wenu, mlisimama mbele ya ndoo mbili zimejaa mkanipigia simu. Mara saba, wanangu! Simu ilikuwa kwenye droo ya kazini, kwa sheria niliyoitunga mimi mwenyewe. Baba yenu, na pumu yake ile, akaingia kwenye moshi na sufuria ya maji, na hakutoka kwa miguu yake. Baba yenu mdogo alivunja stoo kwa jiwe akatoa blanketi la kufunikia moto, lakini alikuwa amechelewa. Na mimi niliporudi niliuliza nini? Msinionee haya, mnakumbuka. Kabla sijamtazama mume wangu, niliuliza nani kavunja kufuli.

Baba yenu mdogo aliniambia mbele ya watu, "Shemeji, hawa watoto umewafunga mikono." Damu ilinichemka, na mwaka wa tisa huu sijamjibu salamu. Nendeni kwake mkamwambie alisema kweli, na kwamba nililijua hilo tangu siku ileile, kiburi tu kilinishika ulimi.

Nipeni maji kidogo... basi, yanatosha.

Naogopa, wanangu. Sikiogopi kifo, nakiona kilivyo. Nawaogopea nyinyi. Tangu juzi nawaambia koki, koki, nanyi mnaniitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuigusa. Nimewalea vizuri mno kunitii, na sasa sijui nitawafundishaje kunikaidi, nami hata kukaa siwezi. Ningepata mwezi mmoja tu. Sina.

Mnizike kando ya baba yenu, mapema, bila kungoja wa mbali. Pale nilipowakaripia hadi mkawa waoga, nisameheni. Mungu awape akili ya haraka... awape mikono isiyongoja... awalaze pamoja, awaamshe pamoja... ngojeni kidogo.

Kifua kinabana. Hapana, si maji. Hewa... niinueni.

Unasemaje, kitinda mimba? Sema kwa nguvu, sisikii.

Umwite muuguzi wa nyumba ya pili?

Ah, mwanangu... unaniuliza... mimi?