Wasifu wa Marehemu Verlin Tostrud, Aliyeirudia Meza ya Risasi

Marehemu Verlin Tostrud alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, shambani karibu na Lewistown, Montana, mtoto wa kwanza wa Halvor na Inga Tostrud. Mdogo wake, Orrin, alimfuata miaka mitatu baadaye, na tangu hapo hawakuachana.

Alisoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari mjini, akahitimu mwaka 1967. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye maghala ya ngano hadi alipostaafu. Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Arlys Bakken katika kanisa hili hili la Kilutheri.

Wengi wenu mliwinda kwa risasi alizozijaza baruti mwenyewe, katika maganda yaliyokwisha kupigwa, kwenye meza yake katika chumba cha chini ya nyumba. Huko alikuwa na sheria moja: kopo moja tu la baruti mezani, na baruti iliyobaki irudi kwenye kopo lake kabla mtu hajainuka. Mchungaji aliposhuka siku moja kuomba mchango, aliachwa amesimama kwenye ngazi. "Mchungaji, Mungu ana subira," Verlin alimwambia. "Baruti haina."

Mwaka 2011 ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimwanza, akaiacha meza. Orrin akawa anaitumia kujazia risasi za bastola.

Msimu huu wa uwindaji rafu za risasi madukani zilikuwa tupu. Orrin alimtania jikoni: "Kaka, mwaka huu kulungu utawapiga kwa mawe?"

"Nina mabaki yangu kule chini. Maganda, fataki za kuwashia, na kopo la baruti ya bunduki lisilofika nusu. Yananitosha."

"Verlin, kwa macho hayo chumvi na sukari huzitofautishi," Arlys alisema. "Ngoja upasuaji."

"Mama, kopo nimeliandika kwa mkono wangu. Nianze kulishuku leo?"

Orrin alikuwepo. Alicheka, akaongeza kahawa.

Tarehe 24 Oktoba 2021, mlimani, bunduki ya Verlin ilipasuka usoni pake kwa risasi ya kwanza kati ya alizojaza. Alifariki hospitalini Billings tarehe 26, alfajiri, bila kuzinduka.

Familia ilishauriwa iandikwe "ajali" na tuishie hapo. Arlys amekataa. Kwenye korido ya hospitali Orrin alimwambia kwamba zamani, akiharakia chakula, alimimina baruti ya bastola iliyobaki katika kopo lililokuwa karibu. Lilikuwa kopo la Verlin, la baruti ya bunduki. Baruti ile huwaka upesi kupita kiasi. Bunduki haiwezi kuihimili. Mwenye macho mazima angeona punje zimechanganyika.

"Siku ile jikoni ulikumbuka?" Arlys alimuuliza.

"Nilikumbuka, shemeji. Nikasema labda alishaimwaga. Niliona aibu."

"Aibu," Arlys alisema. Hajazungumza naye tena.

Verlin alikuwa mtu wa kuamini vitu vyake na watu wake. Tungependa kuliita hilo sifa. Wiki hii limetushinda kulitamka.

Ameacha mjane, Arlys, mabinti wawili, Karna na Joelle, wajukuu wanne, na mdogo wake, Orrin. Tulimuuliza Arlys kama jina hilo lisomwe.

"Lisomeni," alisema. "Ni ndugu yake, sina uwezo wa kulifuta. Ila jeneza asiliguse."

Wabebaji ni watano. Nafasi ya sita, upande wa kushoto, ameishika Arlys mwenyewe.

Verlin, wewe lala kwa amani. Sisi bado hatujaipata.