Mama Fumua na Soksi Zinazohisi

Ndugu wasomaji wa jarida letu, salamu nyingi. Hamjambo huko wodini, jikoni, maabara na getini? Wazee na watoto nyumbani wanaendeleaje? Sisi wa chumba cha ushonaji tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mioyo ni mizito. Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu mkuu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi.

Alianza kwa kushona mashuka na mapazia ya hospitali. Wahandisi walipoleta nyuzi zinazopitisha umeme, wakisema wanataka kutengeneza ngozi ya kuvaa, wengi tulidhani wamepotea njia. Yeye alishika uzi, akauvuta, akauliza, "Ngozi ya nani?" Wakamweleza habari za wagonjwa wa sukari ambao nyayo zao zimekufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari, anatembea nao, anajua siku kidonda kinaponuka. Soksi ya nyuzi hizo inahisi mgandamizo badala ya unyayo. Pakibanwa vibaya, kisanduku kidogo juu ya kifundo cha mguu kinawaka taa nyekundu na kutetemeka. Aliposikia hayo alisogeza mashuka pembeni.

Kazi haikuwa lelemama. Nyuzi zilikatika, au ziligusana na taa ikawaka ovyo. Mhandisi wetu alivaa jozi ya kwanza akawaka miguu yote miwili kama gari la wagonjwa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama hakucheka. "Fumua," alisema. Neno hilo tumelisikia mara nyingi hata likawa jina lake, na akiitwa Mama Fumua anaitika bila kinyongo.

Soksi haikutoka chumbani kabla hajaivaa yeye mwenyewe. Kwanza alitembea na kiatu kitupu, taa isiwake. Kisha akatia punje ya haragwe kavu ndani, iwake. Ikienda kinyume, fumua. Ukinuna, anakwambia taratibu, "Mwanangu, atakayeivaa hii hana mwingine wa kumwambia ukweli."

Mwaka jana alikuwa akijaribu jozi ya mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa kwenye foleni muda mrefu. Kiatu kitupu, lakini taa ikawaka kila alipokanyaga kisigino. "Hii inasema uongo," akasema. Akaifumua yote, akaishona upya, akaivaa tena. Taa ikawaka palepale. Alikuwa ameshashika mkasi mhandisi aliposema kwa sauti ya chini, "Mama, hebu vua kiatu tuone."

Kipande cha sindano ya cherehani kilikuwa kimepenya soli, kikaingia kisiginoni. Soksi ni nyeusi, damu haikuonekana. Mama alikitazama kile kipande, akatutazama sisi, akasema, "Kumbe nimeifumua bure."

Daktari alithibitisha kwamba sukari, aliyokuwa akiificha kwa muda, imekwisha kuchukua nyayo zake. Tulimsihi jozi ile abaki nayo. "Ina mwenyewe," alisema. Akaisafisha, akaimaliza, na mwalimu akaondoka amevaa. Tangu siku hiyo kila jozi imekuwa na mwenyewe, na yeye anatembea na miguu isiyomwambia kitu. Kazini tunamkagua viatu asubuhi, tunafanya kama mzaha. Nyumbani anaishi peke yake. Nani atamkagua huko?

Ndugu zangu, wagonjwa wengi wana miguu yao miwili leo kwa sababu mama huyu hakuridhika upesi. Tumejifunza kwake uvumilivu, na tumejifunza kuomba kabla ya kuwasha cherehani. Mungu amlipe, maana sisi hatuwezi.

Sasa naomba niseme nawe mwenyewe, mama yetu, maana najua jarida hili unalisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Tumechanga sisi wenyewe, tumenunua nyuzi nje ya bajeti ya hospitali. Hakuna mgonjwa aliyerukwa. Nyuzi za jozi yako ziko mezani tayari, na safari hii mwenyewe ni wewe. Kimebaki kipimo cha nyayo, nawe kila tukikisogelea kiatu chako unaleta utani na kuondoka. Tunakuombea pumziko jema, miaka mingi, na wajukuu wa kukusumbua. Lakini maombi yetu yanataka na wewe usaidie kidogo. Tuambie siku gani utakaa kitini uvue viatu tukupime. Usingoje sherehe ipite. Tafadhali tujibu mapema, hata kesho.