Upepo wa Fundi Kimya

Shhhhhhhhh.

Wasikilizaji wapendwa, msiguse redio zenu. Redio zenu ni nzima. Stesheni haijahama. Huo mnaousikia ni upepo, na umo humu studioni pamoja nami.

Mafundi wa spika huuita hivyo, upepo. Ni ule mchirizi wa sauti unaotoka kwenye spika wakati hakuna anayepiga wala anayeimba. Leo nimeuleta makusudi, nimeweka spika mezani na kuisogezea maikrofoni. Fundi mitambo wetu yuko nyuma ya kioo, amenikunjia uso, anataka kuukata. Nimemkatalia. Kaka, vumilia. Leo tunamkumbuka mtu aliyeishi na sauti hii miaka kumi na tisa.

Tunamkumbuka Fundi Kimya. Alifariki Jumanne iliyopita, mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mke, ameacha binti mmoja ambaye naye ni fundi. Jumanne iliyopita, mchana.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, mgongoni mwa duka la viatu. Ukutani alikuwa amegongomelea magodoro ya zamani ili kelele za barabarani zisiingie. Kabla hajasikiliza kazi yako alizima feni, akavua saa ya mkononi, akaifungia kwenye droo. Halafu akapiga goti, akaweka sikio. Wapiga gita walitoka mbali kumfuata. Ukimpelekea spika inayochachatika, ulirudi nayo imenyamaza. Jina la Kimya alilipatia hapo.

Mimi nilimfahamu kwa ugomvi, sitaficha. Nilikuwa nimenunua spika yangu ya kwanza ya gita, hizi za kisasa zenye amplifaya ndani yake. Spika za zamani za gita zilikuwa zinameza sauti nyembamba, kwa hiyo upepo ulijificha humo. Hizi hazimezi kitu. Nzito, nyembamba, zote zinatoka. Nami nilikuwa nasoma mashairi yangu juu ya gita, na kila nikinyamaza ili watu wameze ubeti, spika inanijibu shhhh. Nikaibeba begani mpaka chini ya ngazi. Nikafoka. Nikasema nimeuziwa takataka, na aliyeniuzia atanitambua.

Fundi Kimya hakuinua macho. "Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi endelea, mimi nachomoa waya."

Akachomoa waya unaotoka kwenye vifaa vyangu vya miguuni, vile vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gita. Upepo ukakata. Ukabaki uzi mwembamba tu, wa kusikika ukiweka sikio.

"Huo uliobaki ni pumzi ya spika," akasema. "Kila spika ya aina hii inayo, ni haki yake. Ule mkubwa ni wa kwako, kijana. Kule miguuni umepunguza sauti mpaka robo, huku nyuma ya spika umefungua mpaka mwisho. Spika inakuza nini sasa? Inakuza uchafu." Akazungusha vitufe viwili, kimoja juu, kimoja chini. "Nenda kasome mashairi. Na usimfuate mtu wa watu."

Binti yake alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Mimi, niliyekuja na moto, nilitoka na masikio ya moto.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa karakana. Na kila mteja aliyeingia, awe mkubwa awe mdogo, aliambiwa maneno yale yale. Chomoa waya kwanza. Hakugusa skrubu hata moja kabla ya kuchomoa waya.

Lakini pale pembeni, juu ya stuli, palikuwa na spika moja nyeusi ambayo haikuwa na waya wowote isipokuwa wa umeme. Aliiwasha asubuhi akifungua mlango, akaizima jioni akifunga. Siku nzima, shhhh nyembamba, ya kusikika karakana ikitulia. Mpiga gita mmoja alimtania, "Fundi, unatibu mafua ya watu huku wewe mwenyewe unapiga chafya!" Karakana nzima ilicheka. Fundi Kimya hakucheka. Alikwenda akaifuta vumbi ile spika, taratibu, kama unavyomfuta mtu jasho.

Nilimwuliza binti yake. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Ilikuwa ya baba mdogo. Usimwulize."

Sikumwuliza. Aliniambia mwenyewe, hospitalini, wiki mbili kabla hajafa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, namsomea ubeti mpya. Akanizuia kwa mkono.

"Wewe una mdomo mkubwa," akasema. "Sasa utafanya kazi ya maana."

Wasikilizaji wapendwa, ninachowasimulia sasa familia imekwisha kukisikia, na imeniruhusu.

Mdogo wake Fundi Kimya alikuwa mpiga gita. Miaka kumi na tisa iliyopita alinunua ile spika nyeusi. Siku ya onyesho lake kubwa, asubuhi, aliileta karakana pamoja na vifaa vyake vya miguuni. "Kaka, hii inapumua kuliko mimi." Fundi Kimya akasikiliza. Upepo ulikuwa mkali. Hapo hapo akasema, spika ni mbovu. Akatoa skrubu zote. Saa sita mchana ile spika ilikuwa vipande juu ya meza, na ubovu hauonekani.

Mdogo mtu akatazama saa. Akasema anakwenda kuazima nyingine kwa rafiki yake. Akapanda pikipiki. Kwenye mzunguko wa barabara, lori halikumwona.

Msibani, mke wa marehemu aliuliza jambo moja tu. Kwa nini alikuwa barabarani? Fundi Kimya akajibu mbele ya watu wote, "Shemeji, spika ilikuwa mbovu. Aliuziwa mbovu."

Alikuwa anaamini anachosema. Baada ya maziko akaiunga tena, akaunganisha vifaa vya miguuni vya mdogo wake vile vile vilivyoachwa. Upepo ule ule. Akachomoa waya. Upepo ukakata.

Kitufe kimoja robo, kingine mwisho. Spika haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na mdogo wake angekwenda kwenye onyesho lake akiwa na spika yake.

"Nilikwishasema," aliniambia pale kitandani. "Watu walikwishasikia. Kila Jumamosi nilikwenda kwa shemeji kusema, nikaishia kumtengenezea pasi. Nikirudi nawasha ile spika. Ukiisikiliza sana, unasikia mtu anavuta pumzi kabla ya kuanza kupiga. Haanzi. Miaka kumi na tisa, haanzi."

Akanishika mkono. "Mwambie shemeji, uso kwa uso. Halafu waambie wote walionisikia siku ile. Wewe una redio."

Nilikwenda kwa mama yule, shemeji yake, siku moja baada ya maziko ya Fundi Kimya. Nilipita mlango wake mara mbili kabla ya kubisha hodi, mimi ninayejisifu siogopi mtu. Nilimweleza yote. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja mpaka kapu likaisha.

"Miaka kumi na tisa nimemlaani muuza spika," akasema. "Simjui hata sura. Kumbe niliyekuwa namlaani nilikuwa namkaribisha chai. Ndiyo maana hakuwahi kuimaliza. Kikombe kila Jumamosi kinabaki nusu, nami nasema shemeji yangu hapendi sukari."

Nikamwuliza kama amemsamehe. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza bei ya mwezi.

"Angeniambia, ningelia naye. Amenifanya nilie peke yangu, naye akalia peke yake, nyumba mbili, barabara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Kosa la waya ningemaliza kulisamehe kabla chai haijapoa."

Mke wa Fundi Kimya, binti yake, na wewe mama, mjane wa mdogo wake, poleni. Poleni sana. Sisi wa karakana tunalia pamoja nanyi. Naye fundi nimemwandikia ubeti mmoja. Aliniambia mara nyingi maneno yangu ni mazuri, ila napiga kelele. Leo nausoma polepole.

Fundi uliyesikia, pumzi ndani ya chuma,
Kwa wengine ukatia, kimya kilicho salama,
Kwako ukajizuia, ukabaki na tuhuma,
Leo hii nakwambia, pumzika, tumesema.

Na wewe unayenisikiliza, uliye jikoni au dukani, pengine kuna mtu unayemtengenezea pasi kila Jumamosi badala ya kumwambia neno. Nenda kamwambie. Nenda wakati chai bado ina moto.

Binti hakutaka kuizima spika hii nyeusi, ile ya kwenye stuli, wala mama hakutaka. Mama aliniambia, "Wewe ndiye uliyepewa siri, wewe izime. Izime nikiwa nasikiliza. Na msije mkaniwekea wimbo juu yake. Nataka nisikie ikinyamaza."

Mama, najua uko hapo. Mkono wangu uko nyuma ya spika, kidole kiko kwenye swichi. Fundi mitambo, ondoa mkono wako kwenye muziki. Mama, nakuahidi mbele ya wote wanaosikia. Nikishaizima sitaweka wimbo, wala sitatamka neno, mpaka simu ya hapa studioni ilie, na iwe ni wewe, unaniambia umesikia.